Seneta wa Lamu ni wa nini, na kura yake ina uzito gani?

Mwalimu mmoja wa Faza, kisiwani Pate, ameniandikia hivi: "Assalamu aleikum, wakili. Kila uchaguzi tunapewa karatasi sita. Rais namjua. Gavana namdai dawa na zahanati. Mbunge ana bursari za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, mwakilishi wa wanawake ana mfuko wake, na mwakilishi wadi tunakutana naye gatini. Seneta sijui nimdai nini. Na hapa barazani kuna wasemao kwamba si haki Lamu yenye watu wachache kuwa na seneta sawa na Nairobi, na kwamba iko siku tutaunganishwa na Tana River. Je, ni kweli? Na hawa maseneta wa kuteuliwa, wao ni wa nani?"

Waalaikum salaam, mwalimu. Nitaanza na hofu ya kuunganishwa, maana wengi wa Lamu wanayo, na wengi wanaiogopea mahali pasipo penyewe.

Eneo la uwakilishi la seneta ni kaunti nzima, wala halikatwi vipande. Kaunti 47 zimetajwa kwa majina katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya 2010, na mipaka yake ni ile ya wilaya zilizowekwa kisheria mwaka 1992. Lamu ilikuwa wilaya, sasa ni kaunti. Kuigusa mipaka hiyo ni kazi nzito. Kifungu cha 188 kinataka kwanza tume huru ipendekeze, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa wakubali, kisha theluthi mbili ya kaunti zote katika Seneti zikubali. Hakuna afisa wa tume ya uchaguzi anayeweza kukaa ofisini na kalamu akaiunganisha Lamu na Tana River. Katiba haikumpa uwezo huo.

Kiti kilicho hatarini ni kingine, tena ni cha kwenu hasa: kiti cha mbunge wa Lamu Mashariki. Maeneo bunge 290 hupimwa kwa idadi ya watu chini ya Kifungu cha 89. Eneo lenye watu waliotawanyika linaruhusiwa kupungua au kuzidi wastani wa kitaifa kwa asilimia 40, lakini si zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 22,258 katika Lamu Mashariki, yaani wadi za Faza, Kiunga na Basuba zikiwekwa pamoja. Gawanya Wakenya wote kwa 290, utapata wastani unaokaribia 164,000. Lamu Mashariki haifiki hata robo ya hapo. Iliponea katika mapitio ya mipaka ya 2012 kwa sababu katiba iliyalinda maeneo madogo yasifutwe katika mapitio yale ya kwanza, na kinga hiyo haikuwekwa iwe ya kudumu. Kwa hiyo wazee wa barazani wakitaka kujadili kiti kinachoweza kupotea, wajadili hicho, na wajadili mapema. Cha seneta hakiguswi na hesabu hiyo.

Sasa hoja ya haki. Katika daftari la uchaguzi wa 2022 Lamu ilikuwa na wapiga kura 81,453, idadi ndogo kuliko kaunti zote. Nairobi ilikuwa na 2,415,310. Ni karibu mara 30. Anayesema kura ya mtu wa Faza ina uzito mara 30 ya kura ya mtu wa Kayole inapofika Seneti amesema kweli tupu, na sitajaribu kuificha. Ila hakuna aliyepitiwa na usingizi hapo. Nchi yenye mabunge mawili huyaweka mawili kwa makusudi, moja lihesabu watu, jingine lihesabu mahali. Katika Bunge la Kitaifa Nairobi ina wabunge 17 wa maeneo bunge na Lamu ina wawili. Huko Lamu haitashinda hoja yoyote kwa wingi wake hata siku moja. Kama na Seneti ingehesabu vichwa, mtu wa Kiunga asingekuwa na mlango wowote katika dola ambao akiupiga hodi, hodi yake inasikika sawa na ya mtu wa mjini.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya kulikumbuka hili kuliko wengine. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na Seneti ya watu 41, kila wilaya ikiwa na seneta wake na Nairobi wake. Ilikuwa sehemu ya mpango wa majimbo ambao viongozi wa jamii ndogo, Ronald Ngala wa Pwani akiwa mbele, waliupigania ili serikali ya Nairobi isiwe na neno la mwisho katika kila jambo. Haikudumu. Desemba 1966 Seneti iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na maseneta wakatulizwa kwa kupewa viti vya ubunge. Ndiyo sababu maeneo bunge yaliruka kutoka 117 hadi 158. Watu walibaki na mishahara, wilaya zikapoteza sauti. Kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata wilaya ndogo haikuwa na chombo chochote cha kusema "hapana" kama wilaya. Miaka hiyo mwalimu unaijua, na historia ya ardhi ya Lamu inaijua pia.

Seneti iliyorudi baada ya uchaguzi wa Machi 2013 ina maseneta 67 na Spika. Wa kuchaguliwa ni 47. Kumi na sita ni wanawake walioteuliwa na vyama kulingana na viti ambavyo kila chama kilishinda, wawili wanawakilisha vijana, na wawili watu wenye ulemavu.

Watu wengi, hata walio siasani, hawajui jinsi hawa 67 wanavyopiga kura, na hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Jambo likiwa si la kaunti, kila seneta ana kura yake, aliyechaguliwa na aliyeteuliwa sawasawa. Likiwa ni jambo la kaunti, kura zinakuwa 47 tu. Maseneta wote walioandikishwa kama wapiga kura katika kaunti moja wanahesabiwa kuwa ujumbe wa kaunti hiyo, na ujumbe una kura moja. Kiongozi wake ni yule aliyechaguliwa na wananchi. Yeye ndiye anayepiga kura baada ya kushauriana na wenzake, na akiwa hayupo ni lazima awe amemteua mmoja wao ampigie.

Kwa hiyo seneta wa kuteuliwa ana kaunti, na kaunti yake ni pale jina lake lilipo katika daftari la wapiga kura. Shakila Abdalla, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Lamu kati ya 2013 na 2017, aliingia Seneti mwaka 2022 kwa kuteuliwa na chama cha Wiper. Mtu wa aina hiyo, ikiwa amejiandikisha Lamu, haiongezei Lamu kura ya pili katika mambo ya kaunti. Anachoongeza ni mdomo wa pili kamatini na mkono wa kushika kura ya Lamu siku ambayo seneta wa kuchaguliwa anaumwa au yuko safarini. Si jambo dogo, na hili nitalieleza kidogo.

Katiba inasema jambo la kaunti hupita tu likiungwa mkono na wingi wa jumbe zote. Yaani 24 kati ya 47, hata kama siku hiyo ukumbini wako 30. Kura haihesabiwi dhidi ya waliohudhuria. Lamu isipokuwepo, basi Lamu imepinga, hata kama watu wake wote wanautaka mswada huo kwa moyo wao wote. Miswada mizuri ya kaunti imewahi kuahirishwa siku baada ya siku kwa sababu jumbe 24 hazikupatikana. Ndiyo maana mimi nikipima seneta naanza na mahudhurio yake siku za kura, kabla sijasikiliza hotuba yake hata moja. Majina ya waliopiga kura huandikwa katika kumbukumbu rasmi za Seneti, Hansard, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo kwenye tovuti ya Bunge.

Jambo kubwa kuliko yote linalopigiwa kura hivyo ni pesa. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Zikishatengwa, ni Seneti inayoamua, kila baada ya miaka mitano, ni vigezo gani vitumike kuzigawa kaunti kwa kaunti. Mwaka 2020 vita vya vigezo hivi viligandisha nchi. Pendekezo lililoletwa lilitilia mkazo idadi ya watu, na kaunti nyingi za Pwani na Kaskazini zilionekana zitapunguziwa. Maseneta walikutana, wakashindwa kuelewana, wakakutana tena. Agosti ile polisi waliwakamata maseneta watatu, wa Kakamega, Samburu na Bomet, siku ambayo kura ilitarajiwa. Mwafaka ulipatikana tarehe 17 Septemba 2020. Mfumo mpya ungesubiri hadi mgao wa kaunti ufike shilingi bilioni 370, ili kaunti yoyote isipate pungufu ya ilichokuwa ikipata.

Matokeo yake kwa Lamu yanaonekana kwa macho. Mgao wake ulitoka takriban shilingi bilioni 2.6 hadi takriban bilioni 3.1 katika mwaka wa fedha wa 2021/22. Nairobi mwaka huo ilipata takriban bilioni 19.2. Zigawanye kwa watu wa sensa ya 2019, Lamu ikiwa na 143,920 na Nairobi 4,397,073. Kila mtu wa Lamu alitengewa zaidi ya shilingi 21,000, na kila mtu wa Nairobi zaidi kidogo ya 4,300. Mtu wa Nairobi ana haki ya kuuliza kwa nini. Jibu ni kwamba gavana ni mmoja, bunge la kaunti ni moja, hospitali ya rufaa lazima iwepo, na boti ya kumtoa mgonjwa Kizingitini usiku hainywi mafuta kidogo kwa sababu watu ni wachache. Kwa hiyo katika mfumo ule kipengele cha asilimia 20 kilitolewa sawa kwa sawa kwa kila kaunti, ukubwa wa eneo ukapewa asilimia 8, na umaskini asilimia 14. Vipengele hivyo vinalindwa na kitu kimoja tu, nacho ni ukumbi ambamo kaunti ndogo zina kura sawa na kubwa. Hesabu ya vichwa peke yake ingevifuta asubuhi moja.

Ukiniuliza basi umdai nini seneta wako, jibu langu la kwanza ni hilo. Mdai maelezo ya jinsi alivyosimama kila mgao ulipojadiliwa, na umdai kabla mjadala haujafika ukumbini.

La pili ni kufuata pesa zikishafika. Seneti ndiyo inayopokea ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti na kumwita gavana ajieleze. Magavana walilipinga hili mahakamani kwa miaka, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba Seneti ina mamlaka ya kuwaita. Hapa nasema kwa uzito, kwa sababu ndipo maseneta wengi wanapowaangusha watu wao. Kiongozi wa kaunti akiwa wa chama kimoja na seneta, maswali yanakuwa laini. Wakiwa mahasimu, yanakuwa ya kukomoana. Yote mawili hayamsaidii mama anayefika zahanati ya Ndau akakuta hakuna dawa. Seneta wa kweli huja na ripoti mkononi na kuuliza ukurasa kwa ukurasa, hata kama gavana ni rafiki yake wa utotoni.

La tatu ni hukumu. Bunge la kaunti likipiga kura kumwondoa gavana, shauri linakwenda Seneti. Huko wameondolewa Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi mwaka 2020, na Kawira Mwangaza wa Meru mwaka 2024, na huko pia magavana wengine wameokolewa. Shauri la gavana hupigiwa kura kwa jumbe za kaunti. Lakini Naibu Rais Rigathi Gachagua aliposhtakiwa, Oktoba 2024, ilitakiwa theluthi mbili ya maseneta wote, na hapo walioteuliwa walipiga kura zao wenyewe. Siku hiyo Lamu haikuwa kura moja kati ya 47. Ilikuwa moja, au zaidi, kati ya 67.

Niseme pia asichoweza, maana lawama nyingi zinakwenda kwa mtu asiyehusika. Mswada wa kodi hauendi Seneti. Mswada wa Fedha wa 2024, ule ulioleta vijana barabarani, ulipitishwa tarehe 25 Juni na Bunge la Kitaifa peke yake. Maseneta hawakuwa na kura, hata wale waliopaza sauti. Wala seneta hana mfuko wa bursari. Mwaka 2025 Bunge la Kitaifa lilipitisha mswada wa kubadilisha katiba ili mifuko ya wabunge na ya wawakilishi wa wanawake iingizwe humo, pamoja na mfuko wa usimamizi wa Seneti. Mimi sioni busara ya kumpa mkaguzi mradi wake wa kujenga. Akishaanza kugawa naye, nani atamkagua? Lakini naelewa kwa nini wanautaka. Mpiga kura anamwona mbunge na hundi ya karo, na seneta anamwona na karatasi, halafu kura inakwenda kwa mwenye hundi.

Lamu inalionyesha hili vizuri. Katika chaguzi tatu za Seneti imepeleka watu watatu tofauti: Abu Chiaba mwaka 2013, aliyekuwa mbunge wa Lamu Mashariki kabla yake, Anwar Loitiptip mwaka 2017, na Joseph Githuku Kamau mwaka 2022. Kubadilisha ni haki ya wapiga kura, nami sina la kumtetea wala kumshtaki yeyote kati ya hao. Hata hivyo linganisha na Kilifi. Stewart Madzayo amechaguliwa mara zote tatu, na mwaka 2022 akawa kiongozi wa wachache katika Seneti. Kwale na Mombasa ziliwarudisha Issa Boy na Mohamed Faki mwaka 2022, Taita Taveta ikamrudisha Jones Mwaruma. Anayerudi anazijua kanuni za Bunge, anapata uongozi wa kamati, anajua mlango wa kugonga. Anayeingia upya anatumia mwaka mzima kujifunza. Kaunti kubwa inaweza kubeba hasara hiyo kwa sababu ina wabunge wengi. Yenu haiwezi. Msimrudishe mtu asiyefaa kwa ajili ya uzoefu tu, lakini msimwondoe anayefaa kwa sababu hakuleta bursari ambazo sheria haikumpa.

Na kwa kuwa umeuliza umdai nini, nikupe njia mliyonayo mkononi leo. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Halihitaji wakili wala halihitaji umati. Sahihi yako moja inatosha, ingawa sahihi za kijiji kizima zina nguvu zaidi. Unaandika Kiswahili au Kiingereza, unaeleza tatizo, juhudi mlizofanya kulitatua, kwamba halipo mahakamani, na mnachotaka Bunge lifanye. Linapelekwa kwa Karani wa Seneti, au seneta wenu analiwasilisha. Likifika kamatini, wakuu wa idara huitwa kujibu, na majibu yao yanabaki katika kumbukumbu.

Mambo ya kuandikia hayakosekani. Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli Mei 2021, na wavuvi wangali wanauliza wavue wapi. Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2018 kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na mzee yeyote wa Faza anaweza kueleza safari ya fedha hizo tangu siku ile. Watu wa jamii ya Waaweer wa Basuba wamekaa miaka na shule zilizofungwa kwa sababu ya usalama. Afya na uvuvi ni kazi za kaunti, usalama na bandari ni za serikali kuu, na kila upande una tabia ya kumwelekeza mwananchi upande wa pili. Seneti ni mahali ambapo pande zote mbili zinaweza kuketishwa meza moja na kuulizwa pamoja.

Kama mtaliandika ombi, mwalimu, anzeni na moja tu kati ya haya, lenye tarehe, majina ya vijiji na barua mlizokwisha kuandika. Nakala ya kwanza mpelekeeni seneta kwa mkono, mbele ya watu, na mumwombe aseme siku atakayoliwasilisha.